Kopo la Furu Nililopeleka Kisesa

Nianze na lile gumu ili litoke: nilipeleka mavi ukweni. Msidhani nasema kwa mafumbo, wala si kwamba nilikanyaga kitu njiani nikaingia nacho ndani kwa bahati mbaya, hapana, niliyapeleka kwenye kopo lenye kifuniko, nikayakabidhi kwa mikono miwili huku nimepiga magoti, na nikasema karibu mama. Nimeshajaribu kuusimulia mkasa huu kwa njia ambayo naonekana na nafuu kidogo, nimeshindwa, kwa hiyo sikilizeni tu ulivyo.

Mnajua nilisomea wanyamapori, na mnajua pia kwamba mbugani sikufika. Nilifika kiwanda cha minofu hapa Mwanza, maabara, ambako kazi yangu ni kupima kama sangara ana vijidudu kabla hajapanda ndege (sangara amepanda ndege mara nyingi kuliko mimi). Silalamiki. Ila mapenzi ya wanyama hayaishi kwa sababu ya ajira, na mnyama aliyenishika moyo ni fisi maji, yule wa ziwani mwenye mkia mnene na masharubu, anayeogelea vizuri mpaka ukimwona unajiona umeumbwa kwa haraka. Hana undugu wowote na fisi. Ni jina tu, na jina hilo ndilo lililoniua. Kumwona ni bahati, kwa hiyo anayempenda hujifunza kusoma kinyesi chake: hukiacha juu ya mawe yale yale, na kikikauka hubaki magamba, miba midogo na vipande vya kaa, basi mtu mwenye subira anajua mnyama kala nini na ziwa bado lina nini. Hakuna aliyenituma wala profesa anayesubiri majibu. Napenda tu kujua.

Sasa Shija, mchumba wangu, kwao ni Kisesa. Mama yake alikuwa ameshasikia kwamba mwanawe kampata Mjita mmoja msomi anayeshinda kwenye mawe kila Jumamosi akiokota visivyookoteka, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kuniona. Mwishowe akakubali niende nikatambulishwe, tena siku ambayo jumuiya ya kanisa ingesali kwake, yaani akina mama wa mtaa mzima wangekuwepo. Nikaelewa kwamba nakwenda kwenye usaili, na nikifeli hapo ndoa yetu itabaki kuwa mazungumzo ya mimi na Shija. Shija akaniibia siri moja: mama anapenda furu kuliko samaki yeyote, wale wadogo wadogo aliolelewa nao, ambao siku hizi kuwapata ni kazi. Nikazunguka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, mpaka muuzaji mmoja akanihurumia, nikapata wakavu wazuri, nikawakaanga wazima wazima kwa chumvi kidogo, nikawaweka kwenye kopo la siagi. (Nyumbani kwetu kopo la siagi halijawahi kukutwa na siagi.)

Uamuzi mdogo ulioniharibia ni huu: asubuhi ya safari, nikiwa nimeshavaa kitenge kipya na begi liko begani, nikajisemea nipitie Luchelele mara moja. Mnaijua hiyo mara moja. Kutoka kwangu Mkolani si mbali, muda nilikuwa nao, na wiki nzima nilikuwa nawaza jiwe langu moja pale ufukweni. Nikafika, nikakuta kinyesi cha fisi maji kimekaukia juu ya jiwe, kizuri, kimemeguka chenyewe magamba yanang'aa. Sikuwa na chupa za sampuli kwa sababu nilikuwa nakwenda ukweni, si kazini, na mifuko ya nailoni ndiyo hivyo tena, imepigwa marufuku. Nilichokuwa nacho ni kopo lingine la siagi, pacha wa lile la furu, ambalo nilibebea maandazi ya kula njiani. Nikala maandazi, nikafuta kopo na leso, nikajaza. Kazini kwetu mimi ndiye ninayewagombeza wenzangu wakiweka kitu mezani bila lebo, hata maji ya kunywa. Siku hiyo nilisema nitakumbuka, lililo kulia ni furu, lililo kushoto ni fisi maji, kisha nikaunga gari mpaka Kisesa na begi likageuka mara nyingi kadiri lilivyopenda.

Nilikuta sala imekwisha, akina mama wameketi kwenye mikeka barazani, na Shija kasimama mlangoni na shati lililonyooka mno. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikageukia kwa shangazi yake, shangazi Kabula, dada wa marehemu baba, ambaye neno lake kwenye ukoo ule halirudiwi mara mbili, naye akanijaribu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikamwitikia vizuri, akainamisha kichwa. Nikaona mambo yanakwenda. Mtu mambo yakimwendea ndipo huongeza neno lisilohitajika, nami nikatoa kopo, nikalishika kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mkeka wa mwisho:

"Mama, nimesikia unapenda furu. Hawa nimewatafuta mwenyewe, na nimewaandaa kwa mikono yangu."

Mama Shija alilipokea kwa namna ambayo mpaka leo sijaisahau. Alifurahi. Hakulipeleka jikoni. Aliliinua juu kidogo wote walione, akawaambia wenzake, "Nyie mlisema Shija analeta msomi asiyejua hata jiko liko wapi. Haya, oneni." Akaketi kwenye kiti, akaliweka mapajani, akafungua. Kufungua na kuonja zawadi ya mkwe mbele za watu haikuwa lazima, alitaka tu kuniheshimu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini yake, ndani ya kopo sioni, natabasamu.

Akatazama. Akanusa, na harufu ilikuwa ya samaki kwelikweli, maana chakula kikubwa cha fisi maji ni samaki. Akachota kwa vidole.

"Kumbe umewatwanga?" akaniuliza kwa upole.

Sikuwa nimemtwanga mtu. Nilikaa nusu nukta nikijiuliza nani kawatwanga furu wangu, na katika hiyo nusu nukta mkono wa mama ukawa umeshafika kidevuni.

"Mama, usile," nikapiga kelele. "Ni kinyesi cha fisi."

Hapo pumzi ikakata. Kiswahili kinataka neno moja zaidi, neno dogo tu, na mimi nililiacha kooni. Kwa wasiojua, Usukumani fisi si mnyama tu, ni usafiri wa wachawi, na mtu akikuletea kinyesi chake nyumbani hakuja kukusalimia. Kopo likaanguka. Shangazi Kabula akasimama, akina mama wakasogea ukutani, mwenyekiti wa jumuiya akaanza Salamu Maria bila kungoja mtu wa kuitikia. Ndipo nikapata sauti.

"Maji," nikasema. "Maji, mama. Maji, maji."

Mama mmoja mwenye huruma akakimbia ndani, akarudi na kikombe cha maji, akanishikisha. Na mimi, kwa kuwa nimelelewa, nikasema asante nikanywa. Nikanywa yote, watu wamesimama wananiangalia, wengine bado wanasali.

Kama ningenyamaza pale labda ingeishia kwenye uchawi tu. Lakini mimi nina ugonjwa wa kueleza. Nikawaambia ni fisi maji, wa ziwani, hadhuru mtu, na ili waamini nikainama nikaanza kuokota vile vipande sakafuni kwa vidole vyangu, nawaonyesha. "Hili gamba la furu, mama, ona, na hiki kigumu ni kaa, huyu alikula na kaa." Nilikuwa nimeanza hata kufurahi (Mungu anisamehe, lilikuwa gamba zuri). Nilipoinua macho nikakuta hakuna anayeangalia gamba. Walikuwa wanaangalia mikono.

"Hiyo ndiyo mikono iliyoandaa," akasema shangazi Kabula.

Nikamtazama Shija aniokoe. Shija alikuwa anasoma viatu vyake.

Mama alikwenda kwenye ndoo, akanawa, akanawa tena, mbele ya wenzake wale wale aliowatambia, na aliporudi hakuweza kuwatazama usoni. Hapo ndipo aibu yenyewe iliponiingia. Kuitwa mchawi ningevumilia, maana mimi si mchawi. Lakini yule mama alikuwa amesimama akajivuna kwa ajili yangu, mara moja tu, na nilimfanya ajute kabla hajakaa vizuri. Nikatoa kopo la pili, lile la haki, nikasema, kwa sauti iliyokuwa imeisha kabisa, kwamba furu wenyewe ni hawa. Akalitazama kwa muda. Nadhani aliwatamani.

"Hao rudi nao mwanangu," akasema. "Shija, msindikize mwenzio."

Njiani Shija alisema kitu kimoja tu, kwamba ningesema ni dagaa wameoza. Nimewaza sana juu ya hilo, na kweli, nimesoma miaka yote ile na halikunijia. Nilifika Mkolani nikafungua kopo, nikala furu peke yangu bila ugali, nikilia, kwa sababu walikuwa watamu sana.

Tangu siku hiyo Kisesa naitwa Mama Fisi, maji hawaweki. Mimi nimejiwekea sheria: siku ya safari ya ukweni ziwa lisinione, na kopo lisilo na lebo silishiki hata likiwa tupu. Fisi maji sijamwacha, tusidanganyane. Juzi Shija kaja na salamu. Mama anasema nirudi Jumamosi, ila niende mikono mitupu. Kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu, ni aibu, na yeye anajua ni aibu, na nadhani anajua pia kwamba ni msamaha. Nitakwenda. Nitapiga magoti palepale mlangoni, na kabla ya shikamoo nitaikunjua mikono yote miwili, kwanza wote waione.