Foili Juu ya Kifaa

Mimi ni dereva wa lori la saruji, na kwa miaka mingi niliamini kwamba dereva akishatoka getini ni mfalme. Bohari yetu iko Misugusugu, Kibaha. Bosi alipofunga GPS kwenye magari yote, nilichukia kama mtu aliyewekewa mkwe chumbani. Kisahani cheusi juu ya dashibodi, na ofisini dada mmoja anakaa kutwa mbele ya kompyuta akituangalia: nani anakimbia, nani kasimama, nani kachepuka.

Kuchepuka ndiko kulikonihusu. Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Marui, na mimi nilikuwa napeleka saruji Vihingo kwenye shule inayojengwa. Kwetu, kupita karibu na kwa mama yako bila kuingia kumsalimia ni kujitafutia laana, na karatasi ya safari haina sehemu ya kuandika laana. Basi wenzangu wakanifundisha dawa. Unachukua foili, ile ya kufungia chipsi, unakifunika kile kisahani, na ofisini gari linapotea kwenye ramani. Nikifika njia panda nafunika, naenda kumwamkia mama, nakunywa chai yake, narudi, nafunua. Nilijiona mjanja kuliko mitambo yote ya wazungu.

Siku moja ya masika, saa nne asubuhi, nilibisha hodi nisijibiwe. Nilimkuta mama sakafuni karibu na mlango wa jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Macho yake yalinitambua. Nilisema shikamoo kwa mazoea tu, akashindwa kuitikia, na hapo ndipo nilipoogopa. Majirani walikuwa mashambani. Nilimbeba nikampandisha kwenye lori, nikamlaza kwenye kitanda nyuma ya kiti, nikaondoa gari.

Sikufika mbali. Lori lenye tani za saruji na barabara iliyolowa havipatani, nami niliendesha kwa hofu badala ya akili. Magurudumu ya nyuma yalizama porini, katikati ya vijiji viwili. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nilishuka, nikakata matawi nikayatandika chini ya matairi, gari likazidi kuzama. Nilisikia mama anavyokoroma kwa shida, nikajua kwamba atanifia mle ndani, kwenye harufu ya dizeli, huku nikimtazama.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilipanda nikaichana ile foili, nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura, kile tulichokicheka siku ya mafunzo. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka. Basi, hakuna sauti, hakuna neno. Nilikaa nimeshika mkono wa mama, nikikitazama kile kitaa na kukiomba, mimi mtu mzima.

Hata robo saa haikuisha. Niliona pikapu ya fundi mkuu wa ile shule ya Vihingo inakuja inayumba kwenye matope, na vijana wanne nyuma. Hawakuniuliza kitu. Walimhamisha mama, tukaenda hospitali Kisarawe, na daktari akasema tungechelewa kidogo tu angekuwa anaongea na wafiwa, si na ndugu wa mgonjwa.

Nilichoshindwa kuelewa ni ile robo saa. Kutoka Vihingo mpaka pale, kwa njia ile, hata pikipiki haiwezi. Jioni niliazima simu nikampigia dada wa ofisini kumshukuru, nikamuuliza.

"Mzee wangu, walikuwa wameshatoka kabla hujabonyeza," alisema.

"Walitokaje? Si nilikuwa nimepotea?"

"Kila safari unapotea palepale na kurudi palepale, dakika thelathini, hazizidi. Mwizi wa mafuta hawi na saa kama ya ibada. Nikaangalia fomu yako ya kazi, kwenye ndugu wa karibu, nikaona mama, Marui. Nikaacha. Leo zilipopita dakika sitini nikajua kwa mama hakuko sawa. Nikampigia fundi, nikamwambia aifuate barabara ya Marui."

Miezi yote ile nilikuwa najificha, na mtu ambaye sijawahi hata kumpa mkono alikuwa ananiona, ananihesabia dakika, ananitunzia siri. Nilihisi kitu nilichokuwa nakihisi nikiwa mtoto kanisani, sala inaposomwa na watu wote wamenyamaza. Barua ya onyo nilipewa, na nilistahili. Niliisaini bila kinyongo.

Mama alirudiwa na maneno taratibu. Wiki ya pili nilimweleza habari yote kitandani: kisahani, ramani, yule dada anayekaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi. Alisikiliza sana. Nilidhani atashangaa mitambo, kama mimi. Aliuvuta mdomo wake mzito mpaka ukatii.

"Na yeye," akasema, "akipotea, nani anamtafuta?"

Nilitoka nje ya wodi nikampigia yule dada, na kabla ya salamu nyingine yoyote nikamuuliza kama amekula.