Maji ya Povu kwenye Karai la Bata

Kwetu Kitale bata haaminiwi kuachiwa mayai yake. Leo atayalalia, kesho ameyaacha, ameenda zake kuzurura. Kwa hivyo Mama aliyachukua akayaweka chini ya kuku, na kuku wa watu akayaatamia akidhani ni yake. Kabla hayajaanguliwa, Mama akalazwa Bungoma, karibu na kwao.

Vifaranga walipototolewa, kila jioni alipiga simu, na wala hakuuliza habari zetu. "Hao watoto wangu wako aje?" Akisikia vifaranga wanakula, na yeye alikubali kula. Shangazi aliyemuuguza alituambia ati bila habari za bata, hata uji anausukuma. Basi tuliwalinda kama mboni ya jicho. Tulifukia karai nusu ardhini, tukalijaza maji ili waogelee.

Jumamosi moja Baba akaamua kufua nguo za Mama za kupeleka hospitalini. Baba, ambaye sijawahi kumwona akifua hata soksi! Nikamwambia, "Baba, si uniachie?" Akakataa katakata. "Ni za mke wangu." Akamwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga, povu likafura mpaka viwikoni. Na kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, yale ya povu akayamimina kwenye karai la bata. "Na hao pia waoge," akasema, akacheka. Hakuwa amecheka tangu Mama aondoke.

Nilikuwa jikoni niliposikia kuku akipiga kelele.

Bata huelea kwa sababu maji safi hujishika juu kama yana ngozi, yakateleza kwenye manyoya bila kupenya. Sabuni huilegeza ngozi hiyo, maji yakaingia mpaka mwilini. Na hawa wetu hawakuwa na mama bata wa kuwapaka mafuta yake ya kuzuia maji. Hayo yote nilifundishwa shuleni, na mtihani nikapita. Yalinisaidia nini? Nilipofika walikuwa wameshazama. Kuku alizunguka karai, akitia mguu majini na kuutoa, akitia na kuutoa. Baba alikuwa amepiga magoti, anawaopoa mmoja mmoja, anawalaza juu ya gauni la Mama.

"Bata anazama aje?" aliniuliza. "Bata, jamani!"

Niliwasugua kwa leso mpaka mikono ikaniuma. Hakuna aliyeamka.

Jioni simu ikalia. Baba akaweka spika kama kawaida.

"Hao watoto wangu wako aje?"

"Wako tu sawa, mama watoto. Wanaogelea."

"Na mama yao?"

"Yuko hapo kando ya maji."

Hilo halikuwa uongo. Kuku alikuwa hajaondoka pale tangu asubuhi, sauti imemkauka na bado anaita.

Mama akauliza, "Mbona namsikia analia hivyo?"

Baba akanipa mimi simu.