Njia Aliyoisikia Baba

Ngombezi, tulikozaliwa sisi watoto wa manamba, vibarua wa mashambani, taa za kiwanda cha mkonge ziliwaka usiku kucha, na mashine zilichakata majani hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Hatukuona ubaya wowote. Nilidhani usiku wa dunia nzima una rangi ya chai ya maziwa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa huko Kang'ata ndipo nilipoziona nyota zote, nikaogopa, nikakimbilia ndani kujifunika shuka.

Baba alikuwa ameshapofuka. Kang'ata aliipenda kwa masikio. Alikwenda msikitini peke yake: kwanza kuku wa jirani, kisha cherehani ya fundi, kisha upepo kwenye migomba, na hapo anakata kulia. Fimbo, alisema, ni ya mbwa tu.

Kisha tukaletewa mashine ya kusaga. Nilipiga vigelegele hadi koo likakauka, maana kutwanga nakujua. Lakini tangu siku ile injini ilinguruma kutwa nzima, na baba hakufika tena msikitini bila mimi kumshika mkono. Baada ya majuma machache akaona haya, akaanza kuswali nyumbani.

Nikaamua kupeleka shauri kwa kamati ya kijiji. Kuandika najua, ila neno lilinikataa. Nikaandika "kelele". Baba akasema kelele ni za watoto, ukizikemea zinanyamaza. "Uchafu" je? Akacheka: "Watakuja na mafagio." Na "kero"? "Hata nzi ni kero, mwanangu." Siku tatu nililitafuta neno hilo kisimani, jikoni, shambani, nikitembea kama niliye usingizini. Nilichoma ugali mara mbili. Mwishowe nilikwenda mikono mitupu.

Kwetu, ng'ombe wa mtu akiingia shambani mwako, unabeba mabua yaliyovunjwa unayaweka mbele ya kamati. Bila mabua hakuna shauri. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Sasa binti, mashine imeharibu nini? Kilete tukione." Watu wakaangua kicheko. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Kesho yake nikamleta baba. Wote wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Naenda msikitini." Akaenda, kidevu juu kama zamani, huku injini ikinguruma, mpaka akaingia kwenye ua wa miiba wa zizi la mbuzi. Kanzu ikararuka. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti mwenyewe alimtoa miiba, mmoja mmoja.

"Mzee, tuandike nini kitabuni?" akamwuliza.

"Andikeni njia yangu imefukiwa."

Karani akaandika hivyo hivyo. Ikaamuliwa injini izimwe kila adhuhuri na alasiri, hadi mzee afike na arudi. Kina mama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga walinung'unika kidogo, wakatua madebe yao chini.

Adhuhuri ya kwanza tulitoka pamoja. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na kijiji kikaturudia polepole. Baba akasimama, akasikiliza. Vidole vyake vikaniachia, akaenda. Majuma yale ya kumwongoza nilikuwa nimeyapenda, na sikuwahi kumwambia. Nilifurahi, na moyo ukaniuma hapo hapo. Nikamwita "Baba" kimoyomoyo tu, kwa sababu ningetamka angenisikia, angesimama.