Kucha za Mzee Komora

Juzi binti yangu alikata ramani ya dunia, akaisogeza Amerika Kusini mpaka ikakaa sawasawa ubavuni mwa Afrika. Nilicheka, maana nilisikia tena harufu ya tope la shamba letu la kando ya mto, kule Idsowe.

Siku moja nikiwa mtoto, mwalimu alitufundisha kuwa mabara yaliwahi kushikana, na kwamba ardhi bado inasogea, polepole kama kucha zinavyoota. Mimi nilidhani anasema mashamba. Nilitimua mbio hadi mtoni, nikamkuta Bibi akimfokea jirani yetu, Mzee Komora. Mstari wa migomba uliokuwa mpaka wetu ulikuwa umeingia kwetu hatua tatu nzima.

"Bibi, usimwonee! Ardhi inatembea yenyewe, kama kucha!"

Mzee Komora alikunjua uso. "Umesikia, dada? Mtoto kasoma huyu."

Bibi aliegemea jembe. "Na nani anaisukuma?"

Mzee alitazama mto, kisha akanitazama mimi. Leo najua kwamba hata mtaalamu aliyeleta habari hizo alikwama kwenye swali hilohilo, wenzake wakamkataa miaka mingi, mpaka ilipogunduliwa kuwa sakafu ya bahari inapanuka na miamba ya moto huko chini inajongea.

Bibi hakungoja bahari.

"Nionyeshe hizo kucha zako, Komora."

Zilikuwa fupi, zimejaa tope bichi na utomvu wa mgomba.

"Mwambie mwalimu wako," Bibi akaniambia, "anayesukuma nimempata."