Swali Lililoulizwa Mbele ya Baba Mkwe

Neno lenyewe ni kujamba, na nitaliandika hivyo hivyo, kwa sababu kuliogopa kulikaribia kumuua mama mmoja mikononi mwangu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milima ya Mbinga na malori yao, na katika hospitali ya misheni wauguzi wenzangu waliachishwa kazi, pengo lao lisizibwe. Hata chumba cha wagonjwa mahututi kilitegemea ndugu kukaa kando ya kitanda na kutuita mambo yakiharibika. Huyu mama, bado kijana, aliletwa na baba mkwe wake. Mume alikuwa ameondoka na lori la kahawa, na mama mkwe alibaki nyumbani na mtoto.

Tumbo lilikuwa limevimba na alikuwa akitapika. Daktari wetu, mgeni katika milima hii, akamwuliza kwa sauti ya darasani, "Mama, tangu jana umepata choo? Umejamba?"

Mzee akakodolea macho kofia yake mapajani. Mama akavuta kanga hadi kidevuni. "Ndiyo," akasema.

Angesema nini? Kwetu mwanamke akienda chooni huzunguka nyuma ya nyumba ili baba mkwe asijue aendako. Leo atangaze habari za matako yake, mzee amekaa pale pale! Daktari akaridhika. Utumbo unaopitisha hewa haujaziba, alisema, huenda ni homa ya matumbo. Tukaweka dripu na dawa, tukangoja.

Kufikia mchana tumbo lilikuwa gumu, mikono ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, na maji ya kijani yanatoka kwenye mpira tuliompitishia puani. Daktari akarudia swali lake. Mama akarudia "ndiyo" yake. Hasira zikanipanda. Niliwakasirikia wote: daktari kwa kuuliza ovyo, mzee kwa kung'ang'ania kiti, na waliotupunguza mpaka mkwe akageuzwa muuguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba utoke nje."

"Binti, mimi ndiye niliyemleta. Nikitoka, nani atamwangalia?"

"Toka, baba. Unamuua."

Alitoka akilalamika kwamba siku hizi hata hospitali za kanisa zinaajiri watu wasio na adabu. Sikujali. Nilifunga mlango, nikainama, nikamwuliza mgonjwa kwa Kimatengo, lugha yetu ya milimani. Akaanza kulia. Hakuwa amepata choo wala kujamba tangu tumbo lilipoanza kumsokota.

Daktari hakungoja tena. Katika chumba cha upasuaji alikuta utumbo mkubwa umejiviringa kama nguo inayokamuliwa, na kipande chake kimeshakuwa cheusi. Akakikata, akaunganisha palipo pazima. Tungechelewa mpaka jioni tungemzika, na mazikoni kila mtu angesimama kumsifu kwa heshima aliyokuwa nayo kwa wakwe. Nikifikiria hotuba hizo mpaka leo damu inanichemka.

Alipozinduka midomo ilikuwa imekauka. Akaniashiria nisogee. Nilidhani anataka maji, au anamuulizia mtoto wake.

"Nesi," akanong'ona, "baba mkwe amesikia?"