Chumba Ambacho Hakuna Aliyekiomba

Chumba cha kulaza watoto wachanga kilikuwa kimefutwa kwenye rasimu ya bajeti ya soko la Uthiru, na nafasi yake ikapewa maegesho ya bodaboda. Nilimwuliza mkubwa wangu katika ofisi ya bajeti sababu.

"Hakuna aliyekiomba," alisema, bila ubaya wowote. "Na tuliwaita wananchi wote."

Ni kweli tuliwaita. Tulitangaza gazetini mkutano wa Jumanne, saa nne asubuhi, katika ukumbi ulio katikati ya jiji. Saa hiyo wanawake wa sokoni wako mezani wakikata sukuma wiki. Waliofika walikuwa wenye bodaboda, wakaomba walichohitaji. Siwalaumu. Kosa lilikuwa letu, tuliochagua saa.

Zilibaki siku tatu rasimu ifungwe. Nilichukua fomu za maoni, nikaenda sokoni mwenyewe.

"Wa serikali huyo," mama mmoja aliwaambia wenzake. Chini ya meza yake mtoto alikuwa amelala ndani ya katoni ya ndizi. "Madam, ukisimama hapo unanizibia wateja. Kaa. Shika minji hii."

Nikakaa, nikawa nabambua maganda ya njegere hizo huku naeleza: bajeti huanza kama pendekezo tu, na pendekezo hubadilika watu wakisema.

"Tukisema, nani ataandika? Mikono si unaiona?"

"Wewe sema, mimi niandike. Utatia sahihi tu."

"Sahihi ya sukuma!" jirani yake akadakia, wakacheka.

Mama yule alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. "Basi andika. Ndugu mkubwa wa huyu mtoto aliunguzwa na chai hapa hapa chini ya meza. Andika hivyo hivyo."

Niliandika hivyo hivyo. Kisha nikahamia meza ya pili, na ya tatu, kwa siku mbili.

Ofisini, mkubwa wangu alizishika fomu kwa ncha za vidole. "Mbona zina madoa?"

"Zimejazwa watu wakiwa kazini, nami nikibambua minji nao."

Alisoma ile ya chai mpaka mwisho, akairudia. Kisha akachukua kalamu, akapunguza maegesho, akakirudisha chumba.

"Mkutano ujao tuufanye kule sokoni," nilisema, "saa nane, wateja wakipungua. Na wewe uje."

"Nami nitabambua minji?"

"Utabambua," nikamwambia, nikaandika tarehe kwenye kalenda yake.