Bastola ya Baba wa Mzee

Magharibi ya Sydney ilipofungiwa kwa korona, mimi niliruhusiwa kutoka kwa sababu nilihudumia wazee majumbani. Mzee wangu wa mtaa wa Doonside alikuwa amefiwa na mke, na mikono yake ilitetemeka hata kikombe kilimshinda. Binti yake wa pekee aliishi Perth, upande wa pili wa nchi, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa.

Asubuhi moja nilikuta bastola mezani, juu ya taulo. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji.

"Haipigi," alisema haraka. "Ilizibwa mtutu zamani, kisheria. Baba yangu aliibeba akichunga ng'ombe. Nataka kumwachia binti yangu ikiwa safi, lakini mikono hii... Utanisaidia?"

"Hapana, mzee. Mimi natoka Uvira, kule kwenye vita. Kaka yangu alipigwa risasi mlangoni petu."

Aliifunika kwa taulo, akaomba chai.

Hakuitaja tena. Kisha siku moja nilimkuta anajaribu peke yake, kitambaa kimemdondoka, machozi yanamtoka bila sauti. Nikavaa glavu zangu za kazi, nikakaa.

Alinielekeza. Nilisugua kutu kwa nyuzi laini za chuma zilizolowa mafuta, polepole, ukahawia ukatoka, ikabaki ile bluu ya zamani iliyofifia. Nilipofika kwenye mpini wa mti nikachukua msasa. Akanishika mkono.

"Hapo acha. Huo mkwaruzo ni wa siku baba alipoanguka na farasi. Ukiusawazisha, itakuwa bastola ya mtu yeyote."

Mpini tukaupaka mafuta tu.

"Kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza.

Tangu nifike nchi hii watu waliniuliza alikufaje. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza alivyoimba kanisani, vibaya, kwa sauti kubwa, na furaha tele. Mzee alicheka sana. Mimi nikaanza kulia, na nyuzi za chuma bado mkononi.

Kazi hiyo hatukuimaliza. Korona ilimpata, akachukuliwa na ambulensi, na hospitali haikuruhusu wageni. Alifia huko. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nikiwa garini nje ya nyumba ya mteja mwingine, nikisubiri zamu ianze.

Mipaka ilipofunguliwa, binti alikuja. Nilimwonyesha kabati ilimofungiwa bastola.

"Nitampelekea fundi aing'arishe," alisema.

Nikamweleza habari ya farasi. Hakuwa akiijua. Aliketi sakafuni, bastola mapajani, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo.

"Mwishoni baba yangu alikuwa na mtu karibu?" akauliza.

Nilitamani kumwambia ndiyo.

"Sijui," nikasema. "Hawakuniruhusu kuingia."

Akatikisa kichwa. Nilikaa sakafuni kando yake, tukiegemea kabati, mpaka simu ya kazini ikaniita.